Fungu la Sakafuni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ukiwa bado haujaamua kama unapanda mlimani au unashuka mjini, Mmeng'enyi alifungua kinywa.

Kilikuwa kinywa cha chuma kilichozamishwa kwenye sakafu ya machinjio ya Isumba, kipana kama kitanda cha watu wawili, na kilimeza kila kilichoshushwa chini: damu ya ng'ombe kumi na mmoja, matumbo, mapafu, bandama, vichwa, kwato, hata pembe, ambazo tangu dunia iumbwe hakuna kiumbe aliyezitafuna akazimaliza. Ndani mlikuwa na vyungu saba vya moto, na ndani ya vyungu walifugwa wadudu wasioonekana kwa macho, kazi yao kula na kunyamaza. Dakika arobaini baadaye, upande wa pili wa ukuta, ulimwagika unga wa kahawia, mkavu, wenye harufu ya kahawa iliyokaangwa na mtu mwenye subira. Waliuita unga-damu. Mkaguzi mmoja aliyetoka mbali aliutia kwenye maji ya moto akidhani ndiyo kahawa yenyewe, akanywa, akaomba kikombe cha pili. Anayebisha akamtafute, yupo, na ana afya ya kutisha.

Unga ule ulisafiri kwa mrija chini ya barabara mpaka kwenye Mnara wa Nguruwe, jengo la ghorofa kumi na mbili lililowafanya watu wa miji jirani wainame kwa wivu. Ghorofa za chini walikaa watoto walioachishwa kunyonya, za kati wale wanaokua, na za juu waliokomaa, ambako safari yao iliishia. Walipanda kwa lifti. Ghorofa ya tano alikuwapo mmoja aliyejifunza kubonyeza kitufe kwa pua. Alikuwa akishuka kwa watoto, anakula mgao wao, kisha anarudi kwake kulala kama hakuna kilichotokea. Ilibidi awekewe mlinzi.

Aliyebuni yote haya ni Mhandisi Ipyana Mwaisaka, mtu wa miaka thelathini na sita, mwembamba, mwenye tabia ya kusahau chai mpaka ipoe. Wageni walipomuuliza siri ya mnara, alikuwa na maelezo mafupi.

"Nguruwe anayekua ni kama fundi anayejenga nyumba," aliwaambia. "Mahindi yanampa nguvu ya kubeba matofali, lakini mahindi si matofali. Tofali ni protini. Na kati ya matofali yote kuna moja linaitwa lisini. Likikosekana hilo, mlishe gunia zima, atanenepa mafuta kama msimamizi wa harusi, lakini misuli hapati."

Zamani tofali hilo lilitoka kwa dagaa, mpaka nguruwe wa ng'ambo na wa hapa wakawamaliza dagaa ziwani. Likatoka kwenye soya, mpaka mvua ikaanza kuagizwa, na ikawa inanyesha kwa wale tu wanaojua kuagiza. Ipyana akaliona chini ya miguu ya wachinjaji. Damu peke yake ilikuwa na lisini ya kuwatosha nguruwe wa ghorofa mbili. Sharti lilikuwa moja, nguruwe asilishwe nguruwe, maana magonjwa hupenda ukoo. Kwa hiyo Mmeng'enyi alinusa asili ya kila tone kabla ya kulimeza. Siku moja mchinjaji alidondosha kipande cha kitimoto kutoka kwenye kifungua kinywa chake, na mtambo ukajizima saa tatu nzima. Wenyeji wanasema ulikataa kuwaka mpaka ulipoombwa radhi.

Kwa lishe ile nguruwe wa kati waliongezeka kilo moja na robo kwa siku. Ukikaa karibu nao kimya, walisema watunzaji, unasikia ngozi ikinyooka.

Kazi ngumu haikuwa vyungu wala mirija. Ilikuwa kumfundisha Mmeng'enyi ajue kipi chake na kipi cha watu. Akili unde haifundishwi kwa fimbo wala kwa kitabu, hufundishwa kwa kutazamishwa. Ipyana alining'iniza darini macho-fundi tisa, vijicho vya kioo vinavyotazama na kukumbuka, akayaacha yawaangalie wachinjaji kwa siku tisini. Siku ya tisini na moja mtambo ulitoa kanuni yake, ukaiandika ukutani kwa herufi za mwanga: *Vinavyotundikwa kwenye kulabu ni vya watu. Vinavyowekwa sakafuni, watu huvigeuzia mgongo. Kwa hiyo havina mwenyewe.*

Halmashauri ilipiga makofi. Ipyana alipewa nyumba mtaa wa juu, yenye bomba la maji ya moto, na mama yake akahamia humo. Kila sherehe Mama Sekela alikaa kiti cha mbele, kitenge kipya, mikono imelala mapajani, akimtazama mwanawe akieleza habari za matofali.

Mwezi wa nane tangu kinywa kifunguliwe, dada yake alikuja mnarani. Sekela alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, mkubwa wa Ipyana kwa miaka sita, na hakuwa na mazoea ya kutembelea watu saa za kazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nguruwe wako wananukia kuliko wodi yangu."

"Wanaogeshwa mara mbili kwa siku."

"Nami naoga mara moja. Sogeza hicho kikombe, kimeshapoa." Alipanga mezani kadi za kliniki, moja baada ya nyingine, kama mtu anayecheza karata. "Soma."

"Mimi si daktari."

"Wewe unasoma mistari ya nguruwe kutwa. Leo soma ya watu."

Ipyana akasoma. Kila kadi ilikuwa na mstari wa uzito wa mtoto mmoja. Mstari ulipanda vizuri kwenye rangi ya kijani, ukafika mwezi wa tatu tangu kinywa kifunguliwe, ukalala. Mingine ililala mwezi mmoja ikaanza kushuka, kutoka kijani kwenda kijivu, kutoka kijivu kwenda nyekundu.

"Wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Wote wa Kisimani. Huku juu kwenu hakuna hata mmoja."

Kisimani ulikuwa mtaa wa nyuma ya machinjio, mtaa waliokulia wao wawili.

"Wanasema wanakula nini?"

"Ukiuliza, wanakula vizuri, Mungu anajalia. Ukichungulia sufuria, ndizi. Ndizi na chumvi, ndizi na chai." Sekela aligusa kadi ya mwisho. "Huyu ni Atu, mjukuu wa Bibi Tupokile. Miaka mitatu. Nywele zimekuwa rangi ya ndevu za mahindi. Miguu imevimba, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Hachezi wala halii. Sasa niambie, nguruwe wako akiwa hivi, unafanyaje?"

"Namwongezea lisini," alisema Ipyana, mdomo ukiwa umetangulia.

Chini yao, ghorofa ya tano, nguruwe walikuwa wanakula, na mlio wa taya zao ulikuja kama mvua ya mbali.

"Dada," alisema Ipyana. "Sisi tulikuwa tunakula nini? Baba alipokufa?"

"Supu. Makongoro, bandama, kichwa. Umesahau?"

"Nakumbuka supu. Nauliza mama alikuwa anapata wapi."

"Alikuwa anatoka asubuhi na kikapu, anarudi nacho." Sekela alikusanya kadi zake. "Nilimuuliza mara moja. Sikuuliza mara ya pili."

Mchana ule Ipyana akavuka barabara kwenda machinjioni. Mzee Mwakatundu, nyapara wa wachinjaji, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kitufe kimoja chekundu. Miaka thelathini na tisa alikuwa ameshika kisu; siku hizi mikono ya chuma ilichinja na kutundika, na yeye alibaki kuangalia isikosee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mhandisi. Umeniletea kitufe cha pili? Hiki kimoja nimeshakihitimu."

"Nimekuja kuuliza jambo la zamani. Matumbo na vichwa vilikuwa vinakwenda wapi?"

"Chini."

"Na kutoka chini?"

"Sijui."

"Mzee, umefanya kazi hapa miaka arobaini kasoro mmoja."

"Ndiyo. Na sijui." Mwakatundu alimtazama kwa makini, kama anayepima iwapo kijana yule anamtania. "Tulikuwa tunatandika jani la mgomba pale, penye kinywa chako sasa. Tunaweka. Halafu nasema, visu vimekuwa butu. Wote tunaenda ukutani kunoa. Tunanoa kwa nguvu, kelele zijae. Tukigeuka, jani tupu. Miaka yote hiyo sijaona mtu."

"Na hukuwahi kugeuka mapema?"

"Wewe ungegeuka?" Mzee alikohoa. "Mtu akionwa anachukua, kesho harudi, atakaa na njaa yake ndani. Akishukuru, amekuwa ombaomba. Kisu kikilia ukutani, hata hatua zake mwenyewe hazisikii. Anatoka hapa ni mtu aliyepita njia tu."

Ipyana akachuchumaa kando ya kigoda.

"Nilikuuliza, mzee. Mbele ya halmashauri. Nikasema, haya yana mwenyewe?"

"Nikasema hayana. Ningesema yana mwenyewe, wangeuliza ni nani. Ningewataja akina nani, mimi ambaye sijaona mtu?" Sauti yake ilishuka. "Na wewe ni mtoto wa Kisimani. Nilijua unajua. Nikasema, huyu kijana kawatafutia wenzake njia nyingine ya siri, nzuri kuliko ya kwetu. Nisimuulize. Ndiyo adabu."

"Nami nikadhani..." Ipyana hakumaliza, maana hakuwa amedhani chochote. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Alirudi ofisini, akafungua kumbukumbu za macho-fundi. Siku tisini alizisimamia mwenyewe, akikaa mbele ya picha kila asubuhi. Sasa akakumbuka kwamba kila visu vilipoanza kulia, yeye aliinuka kwenda kumimina chai. Kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia ainuke. Mgongo wake ulikuwa umefundwa Kisimani kabla yeye hajajua kusoma. Angeajiriwa mhandisi wa kutoka mji mwingine, asiye na adabu, angekodoa macho, angeuliza, na pengine watu wangecheka yakaisha. Isumba ilimpata mtoto wake mwenyewe, aliyelelewa vizuri.

Safari hii alitazama.

Wanawake waliingia kwa mlango wa nyuma, miguu peku, hata wenye viatu wakiwa wamevishika mkononi. Hawakugombea. Kila mmoja alikata kipande chake, akafunika kilichobaki kwa ncha ya jani ili inzi wasimharibie anayefuata. Walikuwa wepesi kiasi kwamba fungu lote liliisha kabla kisu hakijapata makali. Alimwona Bibi Tupokile na mfuko wake wa ukili, akichukua kipande cha ini, akikitazama, akikirudisha na kuchukua mapafu, kwa sababu nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mjamzito.

Juu ya kila kichwa jicho-fundi lilikuwa limebandika maandishi madogo ya njano: *Mlaji wa masazo.* Picha iliyofuata ilionyesha mbwa wawili na kunguru, nao wamebandikwa maneno yale yale. Ipyana akaikumbuka ripoti: walaji wa masazo, wastani sitini kwa siku, hatari kwa usafi, inapendekezwa uzio. Aliisoma akiwa na haraka. Aliidhinisha uzio yeye mwenyewe.

Alifanya alichokijua, yaani kurekebisha mtambo. Ilimchukua siku mbili kumwambia Mmeng'enyi aache robo ya kila alichomeza. Lakini sheria ya chakula ya mji ilikuwa wazi: mtambo hauruhusiwi kumpa binadamu chakula bila jina lake na sura yake, ili akiumwa ajulikane. Halmashauri, kwa nia njema, ikamfungulia dirisha upande wa barabara, likaandikwa Dirisha la Wahitaji, na juu yake jicho moja la kioo. Mtu alipaswa kusimama, kutaja jina, kutazama juu, kupokea.

Siku ya kwanza walikuja walevi watatu na mtu mmoja aliyetaka kujua kama wanapokea barua. Siku ya pili walevi hawakurudi. Maini yalikaa kwenye sinia mpaka mchana, na saa saba Mmeng'enyi, kwa utaratibu, aliyavuta akayasaga.

Sekela akamchukua mdogo wake wakaenda kwa Bibi Tupokile. Walimkuta barazani, Atu amelala mapajani mwake, macho wazi. Uso wa mtoto ulikuwa umejaa kama wa mtu aliyeshiba.

"Karibuni, wanangu. Mhandisi pia? Leo nyumba yangu imepata heshima. Ngoja niwachemshie chai."

"Usihangaike, bibi," alisema Ipyana. "Tumekuja kwa ajili ya huyu. Dirishani kuna ini. Limewekwa kwa ajili ya watu wa Kisimani, waliokuwa wanachukua zamani."

"Ni jambo jema," alisema bibi. "Waambieni hao waliokuwa wanachukua."

"Bibi, nakusihi. Ukitaja jina tu."

"Mwanangu, mimi sijawahi kuchukua kitu kule." Aliyasema kwa upole, bila kupepesa, akiupapasa mguu uliovimba. "Tangu niolewe mtaa huu. Muulize Mwakatundu kama amewahi kuniona."

Ipyana alikuwa ameiona sura yake ikipita mbele ya kioo asubuhi sitini na mbili. Alitazama sakafu.

Walimwachia kikapu cha mayai na maini waliyoyanunua sokoni. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga," akashukuru kwa lugha ya nyumbani. Walipofika njia panda waliitwa. Alikuwa anawafuata, amembana kwapani jogoo wake wa pekee. Mgeni haachi kitu Kisimani akaondoka mikono mitupu. Walikataa, akasimama pale pale akisubiri, na ilikuwa dhahiri kwamba wasipompokea jogoo, kikapu kitarudi. Wakampokea. Wiki iliyofuata walipeleka kikapu kingine, wakarudi na mkeka. Mara ya tatu bibi hakufungua mlango, kwa sababu ndani hakikubaki kitu cha kumpa mgeni.

Sekela alimbeba Atu mwenyewe mpaka hospitali. Mwili uliokaa muda mrefu bila matofali haupokei mzigo kwa ghafla. Madaktari walimpa maziwa kwa kijiko kidogo, kila baada ya saa mbili, wakihesabu matone. Siku nne alionekana kugeuka. Alimwomba bibi yake amfunge kitambaa kichwani, maana nywele zilikuwa zinamtoka. Siku ya tano, Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, alifariki.

Alhamisi ile ile ghorofa ya sita ilivunja rekodi ya mnara: kilo moja na gramu mia nne kwa siku. Mtunzaji, kijana asiyejua lolote, alimletea mhandisi habari hiyo akitabasamu, akashangaa kumwona anauliza kama wanaweza kuzima taa.

Wakabaki arobaini.

Ipyana akaomba kikao. Alitaka jambo moja: uzio ung'olewe, kinywa kisogezwe hatua kumi, macho-fundi ya upande ule yafungwe kila asubuhi, na sheria itamke kwamba sehemu ile ya sakafu haitazamwi. Mwenyekiti wa halmashauri, mama mwenye miwani minene, hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mhandisi, ulikuja hapa mwaka jana ukatuambia vitu vile havina mwenyewe. Leo unasema vina wenyewe. Tutafumba macho ya mtambo kwa ushahidi gani? Kanuni inasema aliyeathirika aseme kwa kinywa chake. Walete hata watatu."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu wa Kisimani walikuwapo, wamekaa nyuma, wengi wao wanawake. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayetaka kusema kwamba alikuwa akichukua chakula sakafuni mwa machinjio. Kimya. Akauliza tena, kwa lugha ya nyumbani. Mwanamke mmoja alirekebisha khanga ya mtoto mgongoni, mtoto mwenye nywele za rangi ile ile. Mzee Mwakatundu alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi Tupokile, siku kumi na mbili tangu amzike mjukuu, alitazama mbele kama mtu aliyekuja kusikiliza hotuba.

"Hakuna," alisema mwenyekiti. "Mhandisi, hakuna."

Picha angeweza kuzionyesha. Zilikuwa mfukoni, asubuhi tisini, sura zote, tayari kutandazwa kubwa kama ukuta. Aliushika mfuko. Kisha akatoa mkono ukiwa mtupu.

"Yupo mmoja," alisema. "Mimi."

Akaugeukia ukumbi.

"Nimelelewa na fungu la sakafuni tangu nikiwa na miaka minne mpaka nilipokwenda sekondari. Mfupa huu, na huu, umejengwa kwa bandama ambayo hakuna aliyeiona ikichukuliwa. Bila hiyo ningekuwa na kadi nyekundu kama zile za dada yangu, na pengine msingepata mtambo, wala mnara." Alijua kinachofuata, na alijua mwenyekiti atakiuliza asipokisema. "Aliyekuwa akilichukua ni mama yangu. Anaitwa Tusajigwe Mwaisaka. Amekaa pale mbele."

Macho ya ukumbi mzima yakamwendea. Kule nyuma tu, walikokaa watu wa Kisimani, vichwa viligeuka vyote kwa pamoja kuelekea madirishani. Lakini Kisimani walikuwa wachache.

Mama Sekela hakusogea. Mikono yake ilikuwa mapajani, kitenge kipya, shingo imenyooka kama alivyoketi kwenye kila sherehe. Mwenyekiti alivua miwani.

"Mama, ni kweli?"

Aligeuka kidogo, akawaona wanawake wa nyuma, na yule mtoto mgongoni.

"Ni kweli," alisema. "Kila siku isipokuwa Jumapili."

Halmashauri ilipitisha ombi kabla ya adhuhuri. Wiki ile ile uzio uling'olewa. Kinywa kikasogezwa hatua kumi, na mgao wa unga-damu ukapungua. Nguruwe wa ghorofa za kati wakarudi kilo moja kasoro, na miji jirani ikapumua. Mzee Mwakatundu na wenzake wanne walirudishiwa visu, maana mikono ya chuma haikuwahi kuhitaji kunolewa ukutani. Mwezi wa pili Sekela alileta kadi. Mistari thelathini na tisa ilikuwa imeanza kupanda. Mmoja bado ulikuwa unafikiria.

Lakini jioni ya siku ya kikao, Ipyana aliporudi nyumbani, hakumkuta mama yake. Bomba la maji ya moto lilikuwa limefungwa vizuri, kitanda kimetandikwa, kitenge kipya kimekunjwa juu yake. Alimpata Kisimani, kwa Bibi Tupokile. Wanawake wawili walikuwa barazani wanamenya ndizi, beseni moja katikati yao.

"Shikamooni."

Waliitikia. Bibi Tupokile aliinuka kwenda kuchemsha chai.

"Mama, twende nyumbani."

"Kaa kwanza."

Alikaa. Alitaka kuomba radhi, lakini kila neno alilolishika lilikuwa dogo.

"Umefanya vizuri," alisema mama yake, akiendelea kumenya. "Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo hivyo. Watoto watakula."

"Basi twende."

"Leo nimetoka kwenye ukumbi ule nikapita sokoni. Muuza mboga ameniongezea fungu. Ameniambia, pole, mama." Aliitumbukiza ndizi kwenye beseni. "Miaka thelathini na miwili nilikuwa mtu aliyelea watoto wake. Kuanzia leo ni mtu aliyesaidiwa. Ukinipa chai kule juu, nitainywa kama msaada. Huna kosa. Ndivyo itakavyokuwa."

Ndani, Bibi Tupokile alikuwa anapekua rafu akitafuta sukari ambayo wote watatu walijua haipo.

"Utarudi lini?"

Mama yake alimtazama, usoni, bila haraka.

"Sijui, baba. Wewe nenda ukaangalie mtambo wako. Mimi niache nizoee kuonekana."

Kisha akachukua ndizi nyingine.